Mbao Kumi za Miaka 50: Shajara ya Mradi wa Mtaa Wetu, Dodoma

Nimeanza kuandika haya kwa sababu tulipotafuta mtu wa kutueleza namna ya kufanya jambo kama hili, hatukumpata. Mtaa wetu una nyumba 48 za umma, zote za kupanga. Wakala unaotupangisha umetangaza kuwa mwaka huu unaadhimisha miaka 50 tangu wapangaji wa kwanza wakabidhiwe funguo, na umeiomba kamati ya wakazi iandae sehemu yake. Mimi ni katibu wa kamati hiyo, mwalimu wa sekondari, na nimezaliwa nyumba namba 31. Nitaongeza habari kila hatua ikikamilika, pamoja na fedha iliyotoka. Yaliyoharibika nitayaandika kwa urefu kuliko yaliyokwenda sawa, maana ndiyo yatakayomsaidia atakayefuata.

Jumamosi, Juni 8, 2024: Kikao cha kwanza

Maofisa wawili wa wakala walikuja na pendekezo la fulana, keki, muziki na mshereheshaji. Hatukulikataa, ila Bibi wa namba 12 aliomba nafasi akasema, "Wanangu, keki italiwa dakika kumi. Mimi nimefua kwenye karo lile pale miaka thelathini na moja. Hilo nani ataliandika?" Kikao kilinyamaza, na hapo ndipo mradi ulipozaliwa.

Tumekubaliana mbao kumi zitakazosimama uwanjani chini ya miarobaini, zenye picha na maneno ya wakazi wenyewe, na pembeni yake sauti za wazee zilizorekodiwa. Siku ya sherehe ni Jumamosi, Septemba 28. Kila nyumba itachanga 5,000. Wakala utatoa 600,000 kwa ajili ya mbao, na maturubai na viti utaleta wenyewe.

Jambo moja tuliliamua siku ile ile. Kila maelezo kuhusu Dodoma huanza na tembo aliyezama kwenye tope na neno la Kigogo *idodomya*, yaani imezama. Ni hadithi nzuri na kila mtoto wa hapa anaijua. Sisi tutaanza na mashamba ya uwele yaliyokuwa hapa kabla ya nyumba, na tutamwomba mzee wa Kigogo anayeishi ng'ambo ya korongo atusimulie, kwa sababu baba yake alilima hapa.

Jumapili, Juni 23: Picha, na kosa lililoumiza mtu

Kukusanya picha kumekuwa rahisi kuliko tulivyodhani. Watu wanazo, kwenye mabegi ya chini ya kitanda, kwenye mabahasha ya kaki, nyingine zimebanwa kwenye kona ya kioo cha kabati. Wiki ya kwanza tulizichukua zote kwenye bahasha moja tukazipeleka stesheneri kuskani. Tulipotoka tulikuwa na picha 63 na hakuna aliyejua ipi ya nani. Ilitugharimu jioni mbili kuzirudisha nyumba kwa nyumba, na moja tulimpa asiye wake.

Sasa hatuchukui picha ya mtu. Tunakwenda nyumbani kwake wawili, tunaiweka mezani karibu na dirisha, tunaweka pembeni kikaratasi chenye namba ya nyumba, kisha tunapiga kwa simu tukiwa tumeinama juu yake ili mwanga usiakisi. Vijana wawili wa kidato cha pili wanaifanya kazi hii vizuri kunishinda. Ikihitajika ubora zaidi, mwenye picha huenda nayo mwenyewe stesheneri nasi tunalipia.

Kosa kubwa ni lingine. Ili tuwatambue waliomo, niliziweka picha kumi na tano kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Moja ilionyesha watoto wanacheza mpira. Mmoja wao ni mtoto wa Mama wa namba 22, aliyefariki miaka mingi iliyopita. Picha ilikuwa imetolewa na jirani, kwa nia njema. Mama yule aliiona akiwa peke yake, usiku, bila mtu kumwandaa, na chini yake watu walikuwa wameshaandika utani kuhusu kaptula.

Niliifuta, lakini kufuta hakukutosha. Asubuhi nilikwenda na mwenyekiti wa mtaa na Bibi wa namba 12. Hatukujieleza sana. Tulipiga hodi, tukakaa, tukaomba radhi. Alilia, kisha akasema anaitaka picha ile, kwa sababu yeye hana hata moja ya mwanae akicheka. Tumemchapia na tumeweka kwenye fremu. Kama itawekwa kwenye ubao ataamua yeye, na hatutamkumbusha.

Kwa hiyo tumetengeneza fomu ya nusu karatasi. Mwenye picha anasaini, na anayeonekana ndani yake, au ndugu yake, anaulizwa kabla picha haijaonekana popote. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nami nimeisoma. Lakini hata bila sheria, kumuuliza mwenye msiba kwanza nilipaswa kulijua.

Jumapili, Julai 7: Sauti na upepo

Nilirekodi wazee sita barazani kwao, jioni, kwenye upepo mwanana. Nyumbani niliposikiliza, hakukuwa na mzee hata mmoja. Kuna mvumo tu, kama mtu anatwanga mbali. Anayeijua Dodoma ya Julai anajua upepo huu, unaanza mchana na hautulii hadi giza. Masikio yetu yameuzoea, simu haijauzoea.

Nimerudia wote sita. Njia iliyofaa ni hii: asubuhi saa tatu, watoto wakiwa wamekwenda na redio za majirani zimezimwa. Chumba cha kulala ni kizuri kuliko sebule, kwa sababu godoro na nguo hunyonya mwangwi. Khanga mbili dirishani. Simu iwe katika hali ya ndege, iwekwe juu ya taulo lililokunjwa, shubiri moja na nusu kutoka mdomoni. Kabla ya kuanza, rekodi nusu dakika, sikiliza, ndipo uendelee. Kwa kila mzee nusu saa inatosha. Baada ya hapo anachoka naye anaanza kukujibu unachotaka kusikia.

Swali lililofungua vinywa halikuwa "Ilikuwaje zamani?" Hilo lilinipa majibu ya hotuba. Lililofanya kazi ni "Siku ya kwanza mliingia na vitu gani?" Mzee wa namba 3 alitaja kitanda cha kamba, sufuria tatu, na kuku mmoja aliyetoroka siku ile ile na kurudishwa na mtu ambaye baadaye alikuja kuwa shemeji yake. Bibi mmoja alisimulia robo saa nzima kuhusu kuwasha na kuzima taa ya umeme ukutani, kwa kuwa alikotoka, kwenye tembe ya wazazi wake, taa ilikuwa kibatari.

Jumamosi, Julai 20: Bango lililochanika, na mwaka 1976

Hapa tumepoteza fedha nyingi kuliko popote, na tumejifunza jambo ambalo sasa ndilo kanuni ya mradi.

Nilitaka kuwapa watu hamu mapema. Nikaandika historia fupi ya mtaa, tukachapisha bango la plastiki la mita 3 kwa 2, kwa 12,000 kila mita ya mraba, jumla 72,000. Tukalifunga kati ya nguzo mbili Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi lilikuwa vipande viwili, vimeng'ang'ania kamba. Bango kubwa lisilo na matundu ni tanga, na tulikuwa tumelisimamisha likitazama mashariki, upepo unakotoka.

Hata hivyo upepo ulituokoa na aibu kubwa zaidi. Mzee wa namba 3 alisoma kipande cha kushoto akiwa na fimbo yake, akaniita.

"Mwalimu, hapa umeandika nyumba hizi zilijengwa kwa mpango mkuu wa mji."

"Ndiyo, mzee wangu. Mpango wa 1976."

"Na juu umeandika tuliingia 1974."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeunganisha mambo mawili ninayoyajua, kila moja kweli, nikatengeneza la tatu ambalo haliwezekani. Uamuzi wa TANU wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa 1973, na mwaka huo huo ndipo ilipoundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo sote tuliiita CDA. Mpango mkuu ulikuja 1976, ulioandaliwa na Project Planning Associates ya Toronto, Kanada. Nyumba ambazo watu walikuwa wameshalala ndani yake haziwezi kuwa zao la mpango uliokuwa haujaandikwa.

Baada ya hapo nilipitia kila sentensi niliyoandika. Nilikuta "Jiji la Dodoma" kwenye habari za miaka ya themanini, ilhali Dodoma imepewa hadhi ya jiji Aprili 26, 2018. Nilikuta pia nyumba za mjini zikiitwa "za Shirika la Nyumba" katika miaka ambayo risiti zinasema vingine. Risiti hizo ni za Bibi wa namba 12, aliyehamia kwetu 1993 na kabla ya hapo alipanga Uhindini, katikati ya mji. Za zamani zina jina la Msajili wa Majumba, ofisi iliyosimamia majengo yaliyotaifishwa kwa sheria ya 1971. Za miaka ya tisini zina jina la Shirika la Nyumba la Taifa, ambalo lenyewe lilianzishwa 1962 na likachukua majengo ya Msajili kwa sheria ya 1990. Mpangaji hakuhama chumba, karatasi ndiyo iliyobadilika kichwa. Nilipomwonyesha alisema, "Kumbe ndiyo maana siku ile foleni ilihamia dirisha jingine."

Kanuni tuliyoiweka, na ningemshauri yeyote aanze nayo: hakuna neno linaloingia kwenye ubao bila karatasi, au kitu, au watu wawili waliokuwepo. Karatasi ni risiti, barua, kadi. Kitu ni kama debe la maji lililoletwa na namba 40, lenye kovu la mpini uliochomelewa mara tatu. Mtu mmoja peke yake, hata awe mzee kiasi gani na hata awe mwalimu, anaandikwa kwa maneno "anakumbuka kwamba."

Jumamosi, Agosti 3: Majaribio mawili yaliyoshindikana

Jaribio la kwanza: picha zilizochapwa kwenye karatasi, zikabandikwa kwa gundi ya mbao juu ya plaiwudi. Siku ya kwanza zilipendeza. Siku ya tatu juani zilivimba mapovu, na nyekundu zote zikawa za chungwa. Karatasi na gundi, 31,000.

Jaribio la pili ni miti. Wakala ulipendekeza tupande miti 20 ili siku ya sherehe iwe imeshika. Wanawake wa mtaa walikataa wakasema miti ya Dodoma hupandwa mvua za Desemba. Sisi wanaume wa kamati tulijiona tunaweza kumwagilia. Tulinunua miche 20 kwa 1,500 kila mmoja. Wiki ya pili mgao wa maji ulipotukuta, tulichagua kati ya miche na ndoo za kupikia, na mbuzi walimaliza iliyobaki. 30,000 zimekwenda. Tumewaomba radhi akina mama kikaoni, na upandaji umeahirishwa hadi mvua.

Jumamosi, Agosti 17: Namna mbao zilivyokaa sawa

Ukiwa na haraka, soma hapa tu.

Tumenunua plaiwudi tano za futi 8 kwa 4, kila moja 42,000, tukazikata katikati tukapata mbao kumi za futi 4 kwa 4. Ncha za plaiwudi ndizo zinazokunywa maji kwanza, kwa hiyo tulizipaka rangi ya msingi mara mbili kabla ya kugusa uso. Kisha rangi ya mafuta iliyo krimu, si nyeupe. Nyeupe juani inaumiza macho ya wazee; tulijaribu kipande kimoja tukaona.

Maneno hayakuchapwa. Tumemwita mchora mabango wa sokoni, yule wa kuandika milango ya saluni na migahawa, kwa 12,000 kila ubao. Herufi zake zinasomeka hatua sita mbali, na likipatikana kosa analifuta kwa kitambaa na mafuta ya taa kabla halijakauka. Tayari amefuta mara nne. Bango la plastiki halikutupa nafasi hiyo. Picha tu ndizo zilizochapwa kwenye stika, mita 5 za mraba kwa 15,000, zikabandikwa kwa kuanzia katikati kwenda pembeni kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, halafu zikapakwa vanishi juu.

Miguu ni bomba za chuma za mraba. Tulinunua sita za mita 6, 30,000 kila moja, tukapata miguu 20 ya mita 1.8 bila kubakiza kipande: 18 mizima, na miwili ya vipande vilivyochomelewa pamoja. Kuchimba tulikatazwa, na sawa kabisa, kwa sababu mabomba ya maji ya zamani chini ya uwanja hayana ramani. Badala yake kila mguu umesimamishwa ndani ya ndoo tupu ya rangi ya lita 10 iliyojazwa zege. Ndoo tuliokota na kuomba, saruji mifuko miwili ilitosha. Kila ndoo ina uzito unaozidi kilo 20, na wanaume wawili wanauhamisha ubao mzima.

Kosa la hapa lilikuwa dogo ila lingetuangusha: zile ndoo za kwanza sita tulizimwaga zege mguu ukiwa umeshikwa kwa mkono, tukaondoka. Asubuhi miguu mitatu ilikuwa imelala upande. Fundi alituonyesha tufunge miguu miwili kwenye ubao kwanza, ubao usimame kwa timazi, ndipo zege limwagwe, na usiguswe siku tatu. Mbao zote zimetazama kaskazini na kusini ili upepo wa mashariki ukute ncha na si uso. Zimesimama uwanjani wiki nzima ya majaribio, hakuna uliotikisika.

Jumamosi, Agosti 31: Ubao wa 8

Ubao wa 8 unaitwa "Tunachosubiri." Una mambo matatu: chemba zinazofurika nyuma ya namba 17 hadi 24, mapaa yanayovuja, na la tatu ambalo ndilo zito, nani anabaki na nyumba mpangaji aliyeandikwa kwenye mkataba akifariki. Kuna watu hapa wamezaliwa, wameolewa na wamezika wazazi kutoka nyumba hizi, na jina lao halimo kwenye karatasi yoyote.

Ofisa wa wakala alipouona aliniita pembeni. Alisema kwa upole, nami namheshimu kwa hilo, kwamba sherehe ni ya furaha na wageni watakuwepo. Nilimjibu kwamba tukiutoa ubao huu, zile tisa zitakuwa tangazo, na hakuna mkazi atakayezisoma. Mwenyekiti wetu ndiye aliyepata njia. Alisema, "Basi msiutoe, ujibuni. Nusu ya kushoto yetu, nusu ya kulia yenu, na kila jibu liwe na tarehe."

Ilichukua siku nne. Majibu yaliletwa yamepigwa chapa. Chemba tatu zitanyonywa na kuwekewa mifuniko mipya kabla ya Septemba 20. Mapaa yatakaguliwa baada ya sherehe. Kuhusu mikataba, familia zilete cheti cha kifo na barua ya serikali ya mtaa, na orodha ya wanaohusika ianze kuandikwa siku ile ile ya sherehe, kwenye meza. Nilipomaliza kusoma nilikaa chini. Mama yangu ndiye aliyeandikwa kwenye mkataba wa namba 31, ana miaka 78.

Jumamosi, Septemba 14: Kadi ya 1974

Mpaka wiki hii tulikuwa na ubishi usiokwisha. Kumbukumbu za wakala zinasema 1974 bila mwezi. Mzee wa namba 3, yule yule aliyenisahihisha, anasema yeye ni mpangaji tangu mwaka ilipoundwa CDA, yaani 1973, na kwa hesabu yake tunaadhimisha miaka 51. Kwa kanuni yetu yeye ni mtu mmoja. Lakini ndiye mtu mmoja ambaye hajakosea tangu tuanze.

Juzi alifika dada mmoja aliyekulia namba 9, sasa yuko Dar es Salaam. Amekuja kwa treni ya SGR, safari zilizoanza kufika hapa Julai 25, na alibeba mapajani njia nzima bati la biskuti la marehemu baba yake. Ndani kulikuwa na kadi ya kodi ya pango. Wino wa kiasi umefifia, mhuri haujafifia: malipo ya kwanza, Septemba 1974.

Tuliipeleka namba 3. Mzee aliishika muda mrefu, akageuza nyuma, akarudisha mbele. Akaingia ndani, tukamsikia anafungua sanduku. Alirudi na barua iliyokunjwa mara nne ya kumpangia nyumba, ya Novemba 1973.

"Mimi nimehesabu tangu siku ya barua," alisema. "Rafiki yangu huyu alihesabu tangu siku ya funguo."

Barua na kadi zote mbili zimewekwa kwenye ubao wa 2, nakala, zikikaribiana. Mchora mabango ameandika juu yake: *Barua 1973. Funguo 1974.*

Jumamosi, Septemba 28: Siku yenyewe

Nitaandika yaliyohitaji kurekebishwa, mengine yalikwenda.

Wenye viti walivipanga safu sita mbele ya mbao, zikafichika zote. Tulivihamisha vijana ishirini kwa dakika kumi kabla ya wageni. Atakayefuata achore mstari wa chokaa ardhini tangu jana yake.

Sauti za wazee tulikuwa tumeziweka kwenye kibanda karibu na jukwaa, kwa spika ndogo. Muziki ulipoanza hazikusikika kabisa. Nikazihamishia sebuleni kwetu namba 31. Mama akasema wageni hawasikilizi tumbo tupu, akainjika chai. Hadi saa kumi na moja foleni ilikuwa imefika mlangoni, na watu walikuwa wanakaa chini kwenye mkeka kuwasikiliza jirani zao kana kwamba hawajawahi kukutana nao. Namba 22 alikaa sana. Alikuwa ameniambia asubuhi kwamba picha ya mwanae iwekwe, ubao wa 6, na ikawekwa.

Kina mama wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, walipoingia, mzee wa Kigogo wa ng'ambo ya korongo alisimama mbele ya ubao wa 1, ule wa mashamba ya uwele, akawasalimu watu wote, "Mbukwenyi," na uwanja ukaitikia. Alimwonyesha mjukuu wake kwa fimbo mahali ulipokuwa mbuyu. Ni pale penye jokofu la duka la soda.

Ubao wa 8 ulikuwa na watu muda wote. Chemba mbili zilikuwa zimeshashughulikiwa, ya tatu bado, na tuliandika hivyo hivyo kwa chaki pembeni, na ofisa alisimama pale akijibu maswali bila kuondoka. Kwenye meza ya mikataba ziliandikwa familia 14.

Jumamosi, Oktoba 5: Hesabu

Nyumba 41 zilichanga, 205,000. Wakala 600,000. Watoto wa mtaa walioko mbali 180,000. Jumla 985,000.

Zilizotoka: kuskani na kuchapa picha za kurudishia wenyewe 46,000, bango lililochanika 72,000, karatasi na gundi zilizoharibika 31,000, miche iliyokufa 30,000, plaiwudi 210,000, bomba 180,000, fundi wa kuchomelea 60,000, saruji 34,000, rangi na vanishi 95,000, mchora mabango 120,000, stika 75,000, nauli na chakula cha kikundi cha muheme 90,000. Jumla 1,043,000.

Tumepungukiwa 58,000. Mhasibu na mimi tumeligawana deni hilo kwa kuwa sahihi zetu ndizo zilizo kwenye risiti za vitu vilivyoharibika, ambavyo peke yake ni 133,000. Bila makosa yale matatu tungebaki na 75,000, zaidi ya bei ya plaiwudi moja. Chai ya mama haimo kwenye hesabu, amekataa.

Jumamosi, Desemba 14: Mvua

Mvua za kwanza zimenyesha. Akina mama wamesimamia upandaji, miche 16, mashimo yamechimbwa kama sahani ili maji yabaki, na miiba imezungushwa dhidi ya mbuzi. Wakala ulitoa miche.

Chemba ya tatu ilikamilika Oktoba. Kati ya familia 14, tano zimeshapata mikataba yenye majina mapya, na sisi ni mojawapo. Ukaguzi wa mapaa umefanyika kwa nyumba 20, matengenezo hayajaanza. Upande wa kulia wa ubao wa 8 tumeufuta na kuuandika upya kwa tarehe hizo.

Mbao tumezihamishia barazani kwa ofisi ya serikali ya mtaa, chini ya paa. Funguo za stoo yenye vifaa anazo mwenyekiti, na fomu za ruhusa ya picha ziko kwangu kwa yeyote anayetaka kunakili. Jana alipita kijana wa bodaboda asiyekaa hapa, akasoma yote kumi amevaa kofia ngumu, kisha akaniuliza kama tunapokea bado. Bibi yake aliwahi kuuza maandazi getini petu, na wanayo picha yake na sinia. Nimemwambia aende na vijana wawili wa kidato cha pili nyumbani kwao Jumapili, na aulize kwanza kama bibi ameridhia. Ubao wa 9 una nafasi chini kushoto.